TAHADHARI: Wanaouza "kusafisha DD-214" kwa walioondolewa jeshini Marekani

Ujumbe huu ni kwa ndugu zetu waliotumikia jeshi la Marekani wakaondolewa kwa utovu wa nidhamu, pamoja na wake, waume na wazazi wao, maana mara nyingi ndio wanaotoa hela. DD-214 ni cheti cha kutoka jeshini, kinachoonyesha uliondoka kwa hadhi gani. OTH ni hadhi mbaya, iliyo chini ya ile ya heshima na ile ya jumla.

Tangazo la hawa matapeli lina sura moja, liwe limekuja kwa WhatsApp au TikTok: "OTH yako inakuwa ya heshima ndani ya siku 30. Uhakika asilimia mia. Tuna mtu wetu ndani. Tanguliza nusu kwa Zelle au Cash App." Maneno hayo hayana hata kipande kimoja cha kweli.

Wenye mamlaka ya kubadilisha hadhi ya kuondolewa kwako ni bodi za kijeshi peke yake. Ya kwanza ni bodi ya mapitio, DRB, ambayo unaiombea kwa fomu DD 293 ndani ya miaka 15 tangu uondolewe. Ya pili iko juu yake, ni bodi ya kurekebisha kumbukumbu, na fomu yake ni DD 149. Hiyo ina muda wa miaka 3 tangu ulipogundua kosa, ila inaweza kuusamehe muda uliopita ikiona haki inataka hivyo. Jopo la DRB lina watu watano wanaopiga kura. Lile la juu lina raia watatu. "Mtu wetu ndani" hana pa kukaa hapo. Siku 30 nazo hazipo: maombi huchukua miezi mingi, na kupita mwaka ni jambo la kawaida. Ada ya serikali kwa fomu zote mbili ni sifuri.

Kuna uvumi wa zamani ambao matapeli wanaupenda sana, kwamba ukikaa miezi sita baada ya kutoka, hadhi yako inapanda yenyewe na unachohitaji ni mtu wa "kuifuatilia". Haijawahi kuwa hivyo. Usipoomba, karatasi inabaki ilivyo mpaka unaingia kaburini.

Hela kupotea ni uchungu, lakini kuna hasara inayozidi hapo: nafasi yako mbele ya bodi. Mtu uliyemlipa dola elfu mbili anajaza DD 293 kwa dakika kumi, kwenye sehemu ya hoja anaandika "nimebadilika, naomba nafasi ya pili", haambatanishi kitu, anatuma. Bodi inasoma faili la kamanda lenye kurasa 80 za makosa yako, upande wako inakuta sentensi moja. Inakataa. Hapo umeshatumia mapitio yako ya maandishi, na kilichobaki DRB ni kuomba kusikilizwa ana kwa ana, kama miaka 15 haijaisha. Wengine hata fomu hawazijui. Wanapeleka DD 149 kwa mtu ambaye bado yuko ndani ya miaka 15, ombi linarudishwa kwa sababu hakuanzia DRB, na mteja aliyekaa mwaka mzima akisubiri anaambiwa "bodi imechelewa".

Mkijua kuisoma DD-214 yenyewe hamtadanganywa kirahisi. Angalia sehemu ya chini. Kisanduku cha 24 ndicho kinachosema hadhi ya utumishi wako. Cha 25 ni kanuni iliyotumika, cha 26 ni msimbo wa kuondolewa, cha 27 ni msimbo wa kurudi jeshini, na cha 28 ni sababu kwa maneno. JKK kwenye 26 maana yake ni dawa za kulevya. JKQ ni kosa kubwa. JKA ni makosa ya kurudiarudia. Kwa hiyo mtu akibadilishiwa cha 24 peke yake, mwajiri akishuka mistari michache anakutana na neno la utovu wa nidhamu palepale. Ombi zuri linataja vyote: hadhi, sababu na misimbo. Tapeli hujawahi kumsikia akivitaja.

Sasa angalia hila hii. Unaletewa DD-214 safi kabisa, haina OTH, haina sababu, haina msimbo. Unashangilia. Itazame tena: sehemu yote ya chini haipo. Hiyo ni nakala fupi, ambayo mwanajeshi hupewa siku anayotoka pamoja na ile ndefu, na kwa kawaida haionyeshi hadhi wala sababu. Hakuna kilichobadilika, umeuziwa karatasi iliyokuwa kwenye bahasha yako mwenyewe. Bodi ikikubali kweli, inatoa barua ya uamuzi yenye namba ya kesi, kisha DD-214 mpya, na kumbukumbu zako kwenye kituo cha kumbukumbu za jeshi kule St. Louis zinabadilishwa pia.

Wabaya zaidi ni wanaochapisha DD-214 ya kughushi. Kughushi au kutumia cheti cha kijeshi cha kughushi ni kosa la jinai la shirikisho, faini au kifungo hadi mwaka mmoja. Kwa mwenye grini kadi balaa ni kubwa zaidi. Anayeomba uraia kupitia utumishi wa jeshi anahitaji awe ameondoka kwa hadhi ya heshima au ya jumla, na idara ya uhamiaji haikuamini kwa karatasi uliyoshika mkononi, inauliza jeshi. Ukikutwa na ya kughushi, umeshajiharibia mwenendo mwema unaotakiwa kwenye ombi la uraia, na mlango wa kufukuzwa nchini umeufungua mwenyewe. Waliokwisha kupata uraia kwa njia ya jeshi nao wajue kwamba sheria inaruhusu kunyang'anywa ukiondolewa kwa OTH au chini yake kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima. Mwenye hali hiyo aende kwa wakili wa uhamiaji anayejua mambo ya jeshi, si kwa mtu wa TikTok.

Namna kazi halali inavyofanyika ni hivi. Faili kwanza, hoja baadaye. Omba faili lako lote la utumishi kwa fomu SF 180 au mtandaoni kutoka kituo cha kumbukumbu cha St. Louis: DD-214 ndefu, pakiti nzima ya kuondolewa, adhabu zote, tathmini, nishani, na rekodi za hospitali ya jeshi. Mwenyewe aliyetumikia halipishwi. Mtu anayekutajia bei na matokeo kabla hajaliona faili hilo anakuuzia hewa.

Ukilipata, tafuta mambo mawili. La kwanza ni utaratibu. Je, ulipewa taarifa ya maandishi? Ulionana na wakili wa jeshi? Kwenye Jeshi la Nchi Kavu, anayetishiwa OTH au aliyetumikia miaka sita na zaidi ana haki ya kusikilizwa na bodi kabla ya kuondolewa, isipokuwa aliisamehe mwenyewe. Wengi walitia sahihi ya kuisamehe bila kuelewa walichosaini. Na waliojipeleka wenyewe kuomba msaada wa dawa za kulevya wachunguze kwa makini: kama kamanda aliingiza kwenye pakiti taarifa zinazolindwa na sera ya matumizi yenye mipaka (Limited Use, inayomlinda aliyejitokeza mwenyewe), hadhi ilipaswa kuwa ya heshima. Hoja hii moja ina nguvu kuliko barua kumi za mchungaji.

La pili ni haki na uwiano. Waraka wa Wizara ya Ulinzi wa tarehe 25 Agosti 2017, uitwao wa Kurta, unaitaka bodi iwaangalie kwa upole wenye msongo wa kiwewe, jeraha la ubongo au ugonjwa wa akili, na walionyanyaswa au kudhalilishwa kingono wakiwa jeshini. Maswali yake ni manne. Ulikuwa na hali au tukio linaloweza kupunguza uzito wa kosa? Lilikuwepo wakati wa utumishi? Je, kweli linapunguza? Na uzito wake unazidi uzito wa kosa? Barua ya daktari inayosema tu "ana kiwewe" inajibu swali la kwanza na kuishia hapo. Inayotakiwa ni ile inayounganisha: alirudi kutoka vitani mwezi fulani, akaacha kulala, akaanza kunywa, miezi minne baadaye ndipo alipotoroka kazini. Waraka wa Wilkie wa tarehe 25 Julai 2018 unaongeza kwamba bodi izingatie huruma, muda uliopita na maisha yako tangu hapo. Hapo ndipo vyeti vya kazi, shule na barua za walioshuhudia vinapofaa, kila moja ikiwa na tarehe na jambo mahususi. "Ni mtu mwema" haisaidii kitu.

Mliotolewa na mahakama ya kijeshi sikilizeni vizuri: hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi haipiti DRB kabisa, inaenda bodi ya juu. Ile ya mahakama maalumu DRB inaweza kuitazama kwa huruma peke yake. Anayewaambia nyote "fomu ni moja" hajui kazi.

Msisubiri hadhi ipande ndipo mwende VA, yaani Idara ya Maveterani. Mwenye OTH anaruhusiwa kuomba, na VA hufanya uamuzi wake yenyewe kuhusu kuondolewa kwako, mbali na jeshi. Matibabu ya afya ya akili yapo kwa wengi wenye OTH. Aliyelemewa apige 988 kisha abonyeze 1. Mwenye hadhi ya jumla ana haki ya matibabu na malipo ya ulemavu. Anachokosa kikubwa ni masomo yanayolipiwa na serikali, yaani GI Bill, ambayo yanataka hadhi ya heshima kamili.

Msaada wa bure upo. Maofisa wa maveterani wa kaunti, na vyama vya maveterani vya American Legion na DAV, hujaza fomu bila kukutoza. The Veterans Consortium na National Veterans Legal Services Program huwatafutia baadhi ya watu mawakili wa kujitolea. Wakili binafsi kulipisha kesi ya bodi si kosa, tusiwachafue walio waaminifu. Lakini wakili wa kweli ana leseni unayoweza kuihakiki kwenye chama cha mawakili cha jimbo, anakupa mkataba wa maandishi, na hakuahidi ushindi. Kwa dai la kwanza la VA ni tofauti: hakuna anayeruhusiwa kukutoza hata senti kwa kukuandalia.

Kama umeshalipa, fanya haya leo. Piga benki upinge malipo. Kadi ina nafasi nzuri, Zelle ni ngumu lakini jaribu. Badilisha nywila ya ID.me (akaunti ya kuingilia huduma za VA mtandaoni) na ya barua pepe, kwa sababu wengi wao huomba kuingia kwenye akaunti yako "kufuatilia". Andikia bodi uulize kama kuna ombi kwa jina lako, upate nakala ya kilichotumwa. Ukikuta ni upuuzi na uamuzi haujatoka, omba liondolewe ulitume upya lililo kamili. Ripoti kwa ReportFraud.ftc.gov na kwa VSAFE, simu ya serikali ya kuripoti utapeli dhidi ya maveterani, 833-388-7233. Kisha piga VA 800-827-1000 uhakikishe akaunti ya benki waliyonayo kwa malipo yako bado ni yako, ukilinganisha na namba ya akaunti yako ya benki, si ya kadi, ukiwa bado uko kwenye simu.