xv6 ya zamani (ile ya x86) ndani ya QEMU: nyota nne kati ya tano

Wakuu nimekaa na xv6 wiki tatu sasa, ile ya x86 (prosesa za aina ya Intel) siyo hii mpya, kwenye leptopu ya zamani yenye RAM 4 GB na feni inayolia kama mashine ya kusaga, nikaona niseme nilichokiona. Kwa asiyeijua, hii ni keneli ndogo (kiini cha mfumo endeshi) ya kufundishia iliyoandikwa MIT kule Marekani mwaka 2006 kwa ajili ya wanafunzi wao, wakifuata Unix toleo la sita la 1975. Bure kabisa, kodi ya keneli haifiki mistari elfu kumi, unaishusha na bando la buku linabaki.

Kilichonipeleka huko ni flagi za prosesa, yaani biti zinazowaka na kuzima kuonyesha hali yake. Nilishakariri kuwa kuna rejista (kihifadhi kidogo ndani ya prosesa) inaitwa EFLAGS, biti hii ni ya sifuri, ile ni ya hesabu iliyofurika, ile ya alama hasi, kama shairi la darasa la tano, ila ukiniuliza keneli inazifanyia nini nabaki natoa macho. Na manuali ya Intel ni maelfu ya kurasa, mimi kurasa ya kumi tu nishalala.

Sasa hapa unawasha xv6 ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, kwa make qemu-nox-gdb, dirisha la pili unafungua GDB, chombo cha kukagua programu ikiwa inakimbia, unasimamisha mashine popote unapotaka, unaandika info registers eflags na inakujibu 0x246 [ PF ZF IF ]. Basi. Ile 0x200 (0x maana yake namba ya msingi wa 16) ni IF, biti ya 9, ndiyo inayoiambia prosesa isikilize intarapti (ishara za vifaa zinazoikatiza kazi) au izibe masikio, 0x40 ni ZF yaani hesabu iliyopita imetoa sifuri, 4 ni PF, ya kuonyesha kama biti zilizowaka kwenye baiti ya chini ya jibu ni shufwa, halafu 2 inayobaki haina kazi yoyote, biti ya 1 huwa imewaka siku zote. Nilijumlisha kwa kalamu kwenye risiti ya duka, 200 na 40 na 4 na 2, ikatoka 246, nikacheka peke yangu saa saba usiku.

Nikanogewa. Nikaandika kaprogramu ka mtumiaji kenye amri moja tu, cli, ile ya kuzima IF, nione itakuwaje. Ikauawa palepale, trap 13 (kosa la kuvunja ulinzi), kill proc. Na ni haki yake, maana mtumiaji akiweza kuzima intarapti basi hata saa ya mashine haisikiki tena na programu moja inaikalia prosesa mpaka uchomoe waya. Nikajaribu kwa mlango wa uani: nikasukuma kwenye staki (eneo la muda la kumbukumbu) namba isiyo na ile 0x200 nikaipakia kwenye EFLAGS kwa amri ya popfl. Hakuna kosa, hakuna ujumbe, programu imeenda hadi mwisho, nikiangalia flagi IF iko vilevile inawaka. Yaani prosesa imenikatalia kimyakimya, kama mjomba uliyemwomba ada akakwambia "nitaangalia." Hii tabia ya popfl ndiyo mojawapo ya vilivyowatesa watu wa mashine pepe kwenye x86, kwa sababu keneli mgeni, ile inayokimbia ndani ya mashine pepe, inajaribu kuzima IF, inadhani imezima, na programu inayoiendesha chini yake haijapata habari yoyote.

Ila kilichonifanya niipende ni pushcli na popcli, funksheni mbili za xv6 za kuzima na kurudisha intarapti. Mwanzo niliziona ni urembo tu, kwa nini usiite cli ukishika kufuli (lile la kuzuia wawili kugusa data moja kwa wakati mmoja) na sti, ile ya kuwasha IF, ukiliachia? Nikafuta sharti moja ndani ya popcli, lile linalosubiri ncli, hesabu ya pushcli ambazo hazijafungwa, ifike sifuri ndipo iwashe intarapti, nikajenga upya nikawasha. Haikufika hata kwenye alama ya dola ya shell: panic: mycpu called with interrupts enabled, yaani keneli imejisimamisha kwa sababu mycpu imeitwa intarapti zikiwa zimewaka. Nimefuatilia na GDB karibu saa nzima ndiyo nikaelewa, kwamba acquire, ile ya kushika kufuli, inaita pushcli, halafu inaita holding, ya kuangalia kama tayari unalo, ambayo nayo inaita pushcli na popcli zake, sasa popcli yangu mbovu ya yule wa ndani imeshawasha IF wakati wa nje bado yuko katikati ya kushika kufuli. Ndiyo maana kuna kuhesabu, na ndiyo maana kuna intena inayokumbuka kama IF ilikuwa imewaka kabla, ili ukimaliza urudishe ulivyokuta na siyo kuwasha tu. Hii nilishaisoma kwenye maelezo mara nne bila kuingia kichwani.

Kero sasa. GCC (kompaila) mpya inaigomea kodi hii, kwangu ilikataa sh.c ikidai kuna kujiita kusikoisha, nikafuta -Werror (inayogeuza maonyo kuwa makosa) kwenye Makefile ikapita, na pia lazima uweke zile pakiti za biti 32. Halafu monita ya QEMU yenyewe ukiandika info registers inakupa EFL=00000246 [---Z-P-], herufi saba na IF haimo, hiyo unayoitafuta usiku kucha unatakiwa uisome mwenyewe kwenye namba. Tumia GDB tu.

Nyota niliyoikata ni kwa sababu MIT wenyewe walihamia RISC-V, aina nyingine ya prosesa, mwaka 2019 na hii ya x86 hawaihudumii tena. Hiyo mpya nimeichungulia, ni safi, pushcli imekuwa push_off, IF imekuwa biti ya SIE kwenye rejista ya sstatus, lakini RISC-V haina kabisa ZF wala CF (flagi ya kubeba), kulinganisha na kuruka ni amri moja. Kwa hiyo ukitaka flagi, chukua hii ya zamani na mikwaruzo yake. Mimi wiki hii narudi kwenye faili la trap.c, kuna namba 0x202 inanisumbua kwenye fremu (rejista zilizohifadhiwa) ya mchakato wa kwanza.