Nimezunguka na Linux tatu, nimetulia na Debian: uzoefu wangu

Wadau, desktop yangu ni HP EliteDesk used ya Kariakoo, i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8. Windows 10 ilipofikia mwisho wa sapoti tarehe 14 Oktoba 2025 nikajua mambo yameanza, maana Windows 11 inataka i5 ya kuanzia kizazi cha 8. Fundi akaniambia leta nikupigie window 11 kwa njia za panya, nikamwambia kaka acha tu, ngoja nijaribu Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, uko wa aina nyingi kama Fedora, Mint na Debian.

Nikaanza na Fedora. Aisee iko vizuri, nyepesi kwa macho na kila kitu kipya, ila mi naishi kwa bando, wifi nyumbani sina, nachomeka simu kwa waya wa USB na kompyuta inaichukua kama intaneti ya kawaida bila draiva wala nini. Sasa kule apdeti haziishi, leo kerneli (kiini cha mfumo), kesho Firefox, keshokutwa kerneli tena, halafu toleo jipya kila miezi 6 hivi na la zamani linahudumiwa kama miezi 13 tu. Fedora haina kosa, mfuko wangu ndo hauiwezi.

Mint nayo nikakaa nayo wiki mbili, nikaishia kumwekea dada mwenye stationery Mbagala, menyu iko chini kushoto kama alivyozoea. Alichouliza ni kimoja tu, "Word iko wapi?" Nikamwonyesha LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia kama Word. Barua za fonti ya Calibri, ile ya Word, zinafunguka fresh kwa sababu inaweka fonti ya Carlito yenye vipimo vilevile, ila kadi za harusi zenye zile fonti za mapambo zilivurugika, ikabidi tuziongeze moja moja.

Mimi mwenyewe niko Debian 13, ile ya Agosti 2025. Zamani watu walikuwa wanaikimbia kwa ajili ya draiva za wifi, lakini toka Debian 12 famuwea (programu ndogo ambazo vifaa kama kadi ya wifi vinazihitaji ili vifanye kazi) zinakuja humohumo kwenye flashi ya kuinstolia. Programu zake sio mpya sana, ukitaka vilivyotoka jana utanuna. Mi naapdeti Jumapili usiku kwa bando la usiku, nalala.

Jumapili moja umeme ukakata katikati ya apdeti. Nikasema basi, imekufa. Uliporudi mashine ikawaka kwenye skrini nyeusi ya maandishi tu, nikalogin, nikaandika sudo dpkg --configure -a, amri ya kumalizia programu zilizokatika katikati ya kuwekwa, mistari ikaanza kushuka pale ilipoishia kama vile hakuna kilichotokea, nikarestati, desktop hii hapa. Jasho lilikuwa limenitoka lakini.

Kesho yake nikaenda kununua UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikata. Used nayo. Betri lake linashika dakika nne.