Mhudumu Aliyekataa Kunusa: Uzoefu Wangu na Chupa ya Graves Nyeupe

Nilikusudia kuandika sifa tupu za mvinyo mweupe wa Graves, kwa sababu katika mivinyo yote ya eneo la Bordeaux, Ufaransa, huo ndio unaonikaa moyoni, lakini yaliyonikuta miezi kadhaa iliyopita katika mkahawa mmoja wa jiji hilo hilo la Bordeaux hayaniruhusu kuusifu kabla sijayasema.

Tuliagiza chaza wa ghuba ya Arcachon pamoja na chupa ya Graves iliyozidi euro 40. Mhudumu aliifungua, akanimiminia kidogo nionje, na kabla glasi haijafika mdomoni nilisikia harufu ya boksi la karatasi lililolowa maji likaachwa stoo. Chanzo cha harufu hiyo kinajulikana vizuri: ni kemikali iitwayo TCA, inayotokea kuvu wanapokutana na misombo yenye klorini katika gome la mti linalotengenezewa vizibo, na hata chembe yake ndogo mno hutosha kufuta harufu yote ya matunda. Haimdhuru mnywaji, wala mkahawa hauna lawama kwayo. Ndiyo sababu mteja huonjeshwa kwanza.

Nilimweleza kwa adabu. Hakuinua glasi, hakunusa hata mara moja. Alinijibu kwamba Graves ndivyo ilivyo na huenda sijaizoea, kisha akaitumbukiza chupa kwenye ndoo ya barafu. Nilipomsogezea kizibo ili akinuse mwenyewe, alikichukua akakitia mfukoni, akaondoka.

Kilichonikera zaidi ni kwamba mashamba ya mvinyo huo yanaanzia pembezoni mwa jiji lenyewe, yakishuka kusini kwenye udongo wa changarawe kando ya mto Garonne, na mtu anayehudumia meza hapo hana udhuru wa kutoijua ladha yake. Kati ya zabibu zinazotengenezewa mvinyo huo, Sauvignon Blanc huleta uchachu na harufu ya balungi na majani mabichi. Sémillon huleta uzito, ulaini na harufu inayokaribia nta ya nyuki, ambayo chupa ikitunzwa miaka kadhaa hugeuka kuwa ya asali. Na Muscadelle, inapotiwa, huwa kidogo tu, kwa ajili ya harufu ya maua. Katika mchanganyiko huo boksi lililolowa halimo. Barafu nayo ilikuwa kosa juu ya kosa, kwa kuwa Graves iliyolazwa katika mapipa ya mwaloni hufunguka kwenye nyuzi 10 hadi 12 hivi, na ikipozwa kupita hapo hubaki uchachu mtupu.

Hatimaye alipita mama mmoja wa makamo, mhudumu wa meza za jirani, akaniona nimekunja uso. Alinusa mara moja, akaomba radhi kwa niaba ya wenzake, akaleta chupa nyingine ya mvinyo ule ule. Hapo ndipo nilipokumbuka kwa nini naupenda: balungi lilitangulia, ulaini wa Sémillon ukafuata, na chumvi ya chaza ikaufanya mvinyo uonekane mtamu ingawa ni mkavu kabisa. Kusema kweli, chaza wangependeza zaidi na Entre-Deux-Mers, mvinyo mweupe mwingine wa Bordeaux, ambao ni mwepesi na kwa kawaida haupitii pipa, na Graves ya aina hii ningeipeleka kwa samaki wa mchuzi wa siagi au kuku wa kuokwa, lakini kwa nusu saa ile sikuwa na la kulalamikia, na nilikwisha kuamua moyoni kwamba nitarudi.

Kisha ikaja bili, nayo ilikuwa na chupa zote mbili. Yule wa kwanza alisimama pale pale akishikilia kwamba chupa ikifunguliwa imeuzwa, na ilibidi tubishane mbele ya meza nzima hadi mama yule alipoingilia kati na ya kwanza ikafutwa, bila mwenzake kutamka neno la kuomba radhi. Mvinyo wenyewe naupa alama zote, na nitauagiza tena popote nitakapoukuta. Mkahawa nilitaka kuupa nusu ya alama kwa heshima ya mama yule, lakini kila nikikumbuka kizibo kile kikiingia mfukoni, nusu hiyo naona nimpe yeye peke yake, na mkahawa ubaki bila kitu.