Sindano za makunyanzi hapa Tanga: nyota tatu kati ya tano

Nimechomwa katikati ya nyusi tu, kwenye kliniki moja ya Ngamiani. Yuniti 20 za Botox, ile sumu ya kulegeza misuli, sehemu tano, nne nne. Hicho ndicho kipimo cha katikati ya nyusi. Ukitajiwa kingine, uliza ni dawa gani, maana yuniti za Dysport, dawa nyingine ya aina hiyo, si sawa na za Botox.

Walichonipendeza nacho ni kichupa. Kilitoka kwenye friji nikiona, kizibo hakijatobolewa, tarehe inasomeka. Dawa ni unga mkavu unaochanganywa na maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Cha yuniti 100 kikitiwa mililita 2.5, kila mililita 0.1 ina yuniti 4. Mchanganyaji akizidisha maji na bado akavuta ileile 0.1, umelipia maji. Makunyanzi yatarudi mapema, wakati kwa kawaida hutulia miezi mitatu hadi minne.

Nyota moja nimeikata kwa sababu friji haina kipimajoto. Dawa hii hukaa nyuzi 2 hadi 8, na joto la Tanga tunalijua, umeme nao tunaujua. (Anayekufuata saluni na kichupa ndani ya mkoba, hata usimuulize bei.)

Nyingine nimeikata kwa maswali yasiyoulizwa: mimba, kunyonyesha, ugonjwa wa misuli kulegea, sindano za jentamaisini (antibayotiki). Jenta huongeza nguvu ya sumu hii, na watu wengi hawaoni kama ni jambo la kutaja.

Mkono wa mchomaji sina neno nao. Aliutafuta mfupa wa juu ya jicho kwa kidole gumba, akachoma zaidi ya sentimita moja juu yake. Dawa ikishuka hadi kwenye msuli unaonyanyua kope, jicho linalala kwa wiki kadhaa, na hakuna sindano ya kulirudisha. Ndiyo maana siku hiyo usipasugue: singo, liwa na mtandio wa kubana paji visubiri.

Kuumwa kichwa kidogo au alama ya damu hupita. Kumeza kwa shida, sauti kubadilika au pumzi kubana ni safari ya hospitali ya Bombo saa hiyohiyo, hata kama wiki mbili zimepita.

Marejeo ni siku ya 14. Siku ya tatu usidai kuongezewa, dawa ndiyo kwanza inaanza kushika.