Chaplin au Keaton?

Charlie Chaplin na Buster Keaton wote wawili waliigiza na kuongoza sinema bubu Marekani, na wote walianzia jukwaani wakiwa watoto. Kilichowatenganisha ni nani alishika usukani wa biashara. Mwaka 1919 Chaplin na wenzake walianzisha kampuni ya filamu ya United Artists, akawa bosi wa kazi zake mwenyewe. Ndiyo maana hata sauti ilipoingia, alithubutu kutoa City Lights mwaka 1931 bila mazungumzo, na watu wakajaa. Keaton alisaini na MGM, studio kubwa ya filamu, mwaka 1928, na uhuru wake wa kubuni ukayeyuka.

Kwenye skrini hali ni nyingine. Chaplin anajua kukuliza. Keaton haombi huruma: uso mkavu, mwili ndio unaosema. Katika Steamboat Bill, Jr. (1928) ukuta mzima wa nyumba unamwangukia, naye anapona kwa sababu tu amesimama pale penye uwazi wa dirisha. Ukuta ule ulikuwa mzito kweli. Angesogea kidogo, basi tena.

Kwa mafanikio ya kazi, Chaplin kamwacha mbali. Kwa matumizi ya kamera namchagua Keaton, wapenzi wa Chaplin mniwie radhi. Mnaotaka kuwaona pamoja, tafuteni Limelight ya 1952.