Manga za Dini: Ipi Ununue Kwanza, Ipi Isubiri

Anayenunua manga ya dini, yaani kitabu cha hadithi kwa picha za mtindo wa Kijapani, mara nyingi hanunui ya kusoma mwenyewe. Ni mzazi, mwalimu wa shule ya Jumapili, au shangazi anayetafuta zawadi. Ndiyo maana nimezipanga kwa kipimo kimoja: je, msomaji mgeni atatambua andiko linaishia wapi na ubunifu wa mchoraji unaanzia wapi? Kwa kipimo hicho, iliyochorwa vizuri kuliko zote imeangukia nafasi ya pili.

Ya kwanza ni Manga Messiah ya Hidenori Kumai na mchoraji Kozumi Shinozawa. Inasimulia maisha ya Yesu kwa kuziunganisha Injili zote nne, tena kwa rangi, na chini ya kurasa imetajwa mistari ya Biblia inayohusika. Mistari hiyo ndiyo iliyoipa ushindi. Kijana akitilia shaka jambo, anafungua Biblia na kulinganisha papo hapo. Jiandae tu na majina: Yesu anaitwa Yeshuah, kwa hiyo mtoto mdogo atahitaji mtu wa kukaa naye kurasa za mwanzo. Zipo nyingine za mfululizo huohuo zinazohusu Agano la Kale, ila usizibebe zote kwa mpigo kabla hujaona kama hii imesomwa.

Ya pili, Buddha ya Osamu Tezuka, iliyotoka mfululizo Japani kuanzia 1972 hadi 1983. Kwa uchoraji haina mpinzani hapa. Inafungua kwa mzee aliyeanguka thelujini. Dubu na mbweha wanamletea chakula, sungura amekosa cha kuleta, basi anajitupa motoni ili yeye mwenyewe awe chakula. Kurasa kadhaa karibu bila neno, na umeshaelewa kujitoa mhanga ni nini. Lakini Siddhartha mwenyewe, yaani Buddha kabla hajaitwa hivyo, utamsubiri: sehemu kubwa ya juzuu la kwanza ni ya wahusika kama Chapra na Tatta, ambao Tezuka amewabuni. Asiyejua habari za Buddha atadhani wote wamo katika maandiko. Humo pia mna vifua wazi na damu nyingi, hivyo ni ya watu wazima na vijana waliokomaa. Toleo la Kiingereza lina majuzuu 8. Nunua la kwanza peke yake, likikunasa utarudi.

The Manga Bible ya Siku, mchoraji Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, ilitoka 2007 nayo inashika nafasi ya tatu. Siku alishachora Judge Dredd, katuni ya Kiingereza ya askari mkali wa siku zijazo, na mkono huo unaonekana: wino mzito, watu wa miraba minne, fremu zilizokatwa kwa pembe kali. Tatizo ni kubana. Kutoka Mwanzo hadi Ufunuo kwa kurasa mia mbili na kitu! Wafalme wanapita mbio mpaka hujui nani kamrithi nani. Mtu aliyekwisha kuisoma Biblia ataifurahia sana. Asiyeijua atatoka na kizunguzungu.

Saint Young Men ya Hikaru Nakamura naiweka mwisho, ingawa ndiyo iliyonichekesha. Yesu na Buddha wako likizo, wamepanga chumba pamoja Tachikawa, Tokyo. Ni vichekesho vya upole, ila utani wake unamdai msomaji azijue dini zote mbili tayari. Usiinunue kwa ajili ya darasa, na usimpe mtu ambaye humjui vizuri.

Kama zawadi ni ya Mwislamu, uliza kwanza. Waislamu wengi hawakubali manabii wachorwe, na kitabu cha Siku kinawachora Ibrahimu, Musa na Yesu waziwazi.

Ukiwa dukani, usiishie kwenye jalada. Fungua ukurasa wenye kifo au vita, kisha utazame maandishi ya ndani ya viputo vya maneno ya wahusika: matoleo madogo ya mfukoni huyafinya hadi macho yanauma, na hapo ni bora uongeze pesa kidogo upate toleo kubwa.