Kiingilio cha kutazama benchi: ukumbi wa video wa Kamalondo

Kumbi za video za Lubumbashi huishi kwa kandanda. Siku TP Mazembe wanapocheza, au klabu kubwa za Uingereza na Hispania zinapokutana, hata mlangoni hapapitiki, na mpira wa kikapu hubaki kuwa picha ya skrini ya pili iliyozimwa sauti. Ndiyo maana ukumbi mmoja mdogo wa Kamalondo, usio mbali na uwanja wa Mazembe wenyewe, unastahili kuandikiwa: tangu mvua zianze, mwenye ukumbi ametenga Jumamosi alasiri kwa michezo ya zamani ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, na hachagui michezo ovyo. Anafuata hadithi za makocha waliofukuzwa, za waliowarithi, na za wasaidizi waliokuwa wamekaa palepale kwenye benchi wakitarajia kuitwa, wasiitwe. Huduma hii ni nzuri na bei yake ni ya haki, ila ina kasoro moja kubwa ambayo haihusu viti wala umeme.

Marudio yana sababu yake. Mchezo unaoanza saa moja na nusu jioni mjini New York wakati wa baridi unatukuta sisi saa nane na nusu ya usiku, na ule wa Los Angeles unaanza jogoo wameshawika. Mtu mwenye kazi ya mchana hawezi kuufuata msimu kwa namna hiyo, na kumbi chache zilizojaribu kukesha zilipata wateja waliokuja kulala. Kamalondo wanafungua saa nane mchana, kiingilio ni franga 3.000, na anayelipa anaangalia mchezo mmoja mzima pamoja na vipande vya michezo mingine miwili au mitatu. Umeme ukikatika, jenereta huwashwa kabla watu hawajaanza kunung'unika, ingawa moshi wake huwafikia waliokaa upande wa dirisha. Viti ni vya plastiki, na vile vya mstari wa mbele viko karibu mno na skrini.

Kinacholipiwa hasa ni mzee anayeongoza kipindi, ambaye vijana wote wanamwita Papa na ambaye rimoti haimtoki mkononi. Watangazaji wanazungumza Kiingereza; yeye anapunguza sauti yao na kueleza kwa Kiswahili, mara kwa mara akiingiza neno la Kifaransa la kiufundi, kisha anasimamisha picha pale ambapo macho ya kila mtu yamefuata mpira, na kuwaonyesha watu walioketi pembeni. Sijaona ukumbi mwingine mjini humu unaofanya hivyo.

Alasiri iliyokuwa bora kuliko zote ilikuwa ya Cleveland. Mwaka 2014 klabu hiyo ilimchukua David Blatt, aliyekuwa ametoka kutwaa Kombe la Euroleague, lile la klabu bora za Ulaya, na Maccabi Tel Aviv lakini hajawahi kufundisha katika NBA. Mtu aliyeshindana naye hadi hatua ya mwisho alikuwa Tyronn Lue, msaidizi wa kocha Doc Rivers katika klabu ya Clippers ya Los Angeles. Baada ya kumnyima kiti, Cleveland walimwajiri Lue huyohuyo awe msaidizi wa Blatt, kwa mshahara ulioripotiwa kuwa mkubwa kuliko wa msaidizi mwingine yeyote wa ligi. Wiki chache baadaye nyota LeBron James akatangaza kurudi Cleveland, na Blatt, aliyeajiriwa kulea timu changa, akajikuta anaongoza timu inayodaiwa ubingwa, huku Lue, aliyeshindwa naye katika usaili, amekaa kiti cha pili.

Papa aliweka mchezo wa nne wa mchujo wa 2015 dhidi ya Chicago, uliochezwa tarehe 10 Mei. Zimebaki sekunde chache, matokeo ni sare, na Blatt anaingia uwanjani akiashiria taimauti, yaani mapumziko mafupi anayoomba kocha, ambayo timu yake haina tena. Waamuzi wangemwona, Chicago wangepewa mtupo huru, na mpira pia. Papa akarudisha picha nyuma, akaipeleka polepole: mkono wa Lue unatokea, unamshika kocha wake, unamvuta nyuma, na mwamuzi hakuona kitu. Kijana mmoja akauliza, "Papa, huyu msaidizi alijuaje kwamba zimeisha?" Jibu likawa fupi: "Kuhesabu ndiyo kazi yake, mwanangu. Kocha anaangalia uwanja." Kisha akaachia picha, LeBron akafunga kengele ikilia, 86 kwa 84, na ukumbi ukalipuka kana kwamba mpira ulikuwa unachezwa leo.

Tarehe 22 Januari 2016 Blatt alifukuzwa akiwa ameshinda michezo 30 na kupoteza 11, timu yake ikiongoza kanda ya Mashariki. Lue alipewa kiti siku hiyohiyo, na mwezi Juni Cleveland wakawa mabingwa baada ya kuwa nyuma kwa michezo mitatu kwa mmoja dhidi ya Golden State. Papa alieleza vizuri jambo ambalo magazeti hupita juu yake haraka: klabu inapomfukuza kocha katikati ya msimu, msaidizi ndiye chaguo la kwanza kwa sababu anajua mbinu zilizopo na wachezaji wamemzoea; lakini inapomfukuza baada ya msimu, ujuzi uleule unageuka hoja ya kumkataa, kwa kuwa wakubwa wanasema wanataka sauti mpya, na msaidizi anahesabiwa kuwa sehemu ya kushindwa kulikotokea. Mara nyingi hata kazi ya usaidizi anaipoteza, maana kocha mgeni huja na watu wake.

Katika safari ile ya Cleveland kuelekea ubingwa kuna mchezo ambao Lubumbashi hauwezi kuonyeshwa kimyakimya. Tarehe 21 Mei 2016, katika fainali ya kanda, Toronto waliwafunga Cleveland ya Lue 99 kwa 84, na Bismack Biyombo, mzaliwa wa mji huu, akachukua ribaundi 26, yaani mipira iliyorudi baada ya kukosa kikapu. Papa aliacha kabisa kuzungumzia benchi, na hakuna aliyemlaumu. Nadhani watu wa umri wangu tulisimama kwa kila ribaundi ya robo ya mwisho.

Alasiri ya Toronto ilifuata, na hapo ndipo mashaka yangu yalipoanza. Kocha Dwane Casey alishinda michezo 59 msimu wa 2017–18, rekodi mpya ya klabu, akatolewa na Cleveland bila kupata hata mchezo mmoja, akafukuzwa mwezi Mei, kisha mwezi Juni akatangazwa kocha bora wa mwaka. Masai Ujiri, aliyekuwa rais wa klabu, alimpandisha Nick Nurse, msaidizi wa Casey tangu 2013, na mwaka 2019 Toronto wakatwaa ubingwa. Papa alisimulia haya kama ushahidi wa pili baada ya ule wa Lue: mpe msaidizi nafasi, atakuletea kombe. Alitaja kwa pumzi moja tu kwamba kati ya kufukuzwa kwa Casey na kombe lile klabu ilikuwa imempata mchezaji nyota, Kawhi Leonard. Na hakumtaja kabisa Jerry Stackhouse, aliyekuwa akifundisha timu ya pili ya Toronto na aliyefikiriwa kwa kiti hichohicho, akakikosa, akaenda kuwa msaidizi Memphis.

Hiyo ndiyo kasoro niliyoisema. Kipindi kinachodai kuwahusu wasaidizi walioachwa kinawaonyesha wale walioachwa kwa muda tu, ambao mwisho wake walipata. Mtu anatoka Kamalondo akiamini kwamba kiti cha pili ni foleni, na kwamba anayevumilia hufikiwa. Mifano ya kinyume ni mingi na inaonyeshika. Becky Hammon alikaa kwenye benchi la San Antonio kuanzia 2014, mwanamke wa kwanza kuajiriwa kuwa msaidizi wa kudumu katika ligi hiyo. Mwaka 2021 alifika hatua ya mwisho Portland, wakamchukua Chauncey Billups. Aliondoka kwenda Las Vegas Aces katika ligi ya wanawake na kutwaa ubingwa 2022, 2023 na 2025, wala hakuna klabu ya NBA iliyomrudia na kiti. Kevin Young wa Phoenix alipitwa mwaka 2023, klabu ilipomfukuza Monty Williams na kumleta Frank Vogel. Alibakizwa kwa mshahara mnono, akakaa mwaka mmoja, akahamia kufundisha chuo kikuu cha BYU. Vogel naye alifukuzwa muda mfupi baadaye.

Milwaukee ndiyo ningeianza mimi, maana ndani yake mna kila kitu. Mike Budenholzer alifukuzwa Mei 2023 baada ya kutolewa na Miami raundi ya kwanza. Charles Lee, msaidizi wake tangu 2018, hakupewa kiti. Kiti alipewa Adrian Griffin aliyetoka benchi la Toronto. Griffin alifukuzwa Januari 2024 akiwa ameshinda 30 na kupoteza 13. Lee wakati huo alikuwa msaidizi Boston, alikotwaa ubingwa, na akateuliwa kuongoza Charlotte. Je, Milwaukee walikosea kumwacha? Huenda. Lakini swali hilo halijibiwi kwa kuonyesha kombe peke yake, na Papa, anayejua haya yote kuliko mimi, angelijadili vizuri kama angelijiruhusu.

Chakula ni cha kawaida: samaki wa kukaanga, bukari (ugali) inayotolewa mapema ikapoa, na sombe (kisamvu) nzuri ya mama wa nyuma, ambayo huisha kabla ya robo ya tatu. Bia ni ya baridi. Vijana wanaoingia na kutoka kununua vocha wanasumbua, na mlango hauna pazia, kwa hiyo mwanga wa jua la alasiri hufuta nusu ya skrini kila unapofunguliwa.

Nilipompelekea Papa malalamiko yangu mlangoni, hakukataa. Alisema anao mchezo wa Phoenix wa 2022, Biyombo akiwa uwanjani na Young amekaa kando ya Williams, ila anaogopa kwamba watu hawatalipa kutazama mtu aliyeondoka bila kitu. Mimi nitalipa. Anayetaka kulipa pia amwambie yeye mwenyewe, afike kabla ya saa nane, na achague mstari wa tatu upande wa kushoto, mbali na jenereta.